Majirani wa Mazimbu



Ujumbe mkubwa kutoka Afrika Kusini ukifika Morogoro, ratiba yake unaweza kuikariri. Msafara utaingia kwa ving'ora, utapita Msamvu, utaelekea Mazimbu, walikoishi wakimbizi wa Afrika Kusini. Mashada yatawekwa makaburini, bendera mbili zitapepea, na wazungumzaji watataja mshikamano, ukombozi na jina la Mwalimu Nyerere. Rais Cyril Ramaphosa alifika hapo Agosti 2019, na wamefika wengine wengi kabla yake na baada yake. Sina ugomvi na hotuba hizo, yanayosemwa ni kweli. Ila ukizisikiliza zote kwa pamoja utadhani Mazimbu waliishi mashujaa na marehemu peke yao. Mpishi hatajwi. Fundi bomba hatajwi. Mama aliyeshuka Uluguru na tenga la ndizi kichwani hatajwi. Na binti wa Kihonda aliyeolewa na kijana wa Soweto, huyo ndiyo kabisa.

Leo nawaomba tuwatazame Waafrika Kusini wa Morogoro kama majirani waliokaa nasi miaka mingi, wakajenga, wakaoa, wakazika, kisha wakahama.

Tuanze mbali kidogo. Machi 21, 1960 polisi wa Makaburu waliwamiminia risasi waandamanaji pale Sharpeville, Afrika Kusini, wakaua watu 69. Mwezi uliofuata chama cha ukombozi cha ANC kikapigwa marufuku, na watu wakaanza kuvuka mipaka. Waliofika kwetu mapema hawakuwa wapiganaji tu. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifungasha virago wakaenda zao, na sehemu ya pengo lile ilizibwa na wauguzi weusi 20 kutoka Afrika Kusini, waliokuja kwa makubaliano kati ya ANC na Nyerere. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwamba siku zote sisi tulitoa na wenzetu walipokea, mkumbushe habari za akina dada wale. Wapo Watanzania waliozaliwa mikononi mwao.

Januari 1962 Nelson Mandela alipita Dar es Salaam akaonana na Nyerere. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ikaweka makao yake Dar. Mwaka uliofuata wapiganaji wa ANC wakafungua kambi Kongwa, huko Dodoma, na katikati ya miaka hiyo ya sitini ofisi za chama zikahamia Morogoro. Mji wa reli, mkonge na muziki wa dansi ukawa na wageni wa aina mpya, watu wenye vitabu vingi na simu za usiku, ambao majirani hawakujua hasa wanafanya kazi gani.

Hapo ndipo, kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969, wajumbe wapatao 70 walipokutana katika mkutano ambao hadi leo Waafrika Kusini wanauita Mkutano wa Morogoro. Hali ilikuwa mbaya. Jaribio la wapiganaji wa ANC kupenya kupitia Wankie, Rhodesia, mwaka 1967 lilikuwa limekwama, na mpiganaji Chris Hani na wenzake walikuwa wameandika waraka mkali wakiwashutumu viongozi kwamba wamezoea maisha ya ugenini na nyumbani wamekusahau. Oliver Tambo, kiongozi wa chama, alisimama katikati ya moto huo. Mkutano ukaunda Baraza la Mapinduzi na ukafungua uanachama wa ANC uhamishoni kwa watu wa rangi zote. Huko kwao mkutano ule umo katika vitabu vya historia. Huku kwetu, ukimtajia kijana wa Kichangani Mkutano wa Morogoro, huenda akakuuliza ni wa injili au wa siasa.

Lakini hao wa miaka ya sitini walikuwa wachache. Waliobadili sura ya Morogoro ni watoto. Juni 16, 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na baada ya hapo maelfu ya vijana wakatoroka kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji. Wengi walitaka bunduki. ANC ikajikuta na kundi kubwa la watoto wa miaka 14, 15, 16 ambao huwezi kuwapeleka vitani na huwezi kuwarudisha nyumbani. Wakahitaji shule, na shule inahitaji ardhi.

Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo alikuwa mama, Anna Abdallah, na ni yeye aliyesimamia kuwapatia Mazimbu mwaka 1977. Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. Soko la mkonge lilikuwa limeporomoka tangu kamba za nailoni ziingie duniani, na mashamba ya namna hiyo yalikuwa yamegeuka mapori. Walichokabidhiwa ni vichaka, visiki vya mkonge, nyumba chache zilizochakaa, nyoka wa kutosha, na mto Ngerengere kwa jirani. Mlima Mindu upande mmoja, na ng'ambo ya mji safu ya Uluguru imejifunika mawingu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Madarasa yalianza 1978 katika majengo ya zamani huku mapya yakipanda, na wanafunzi wenyewe walifyeka, walibeba matofali, walichimba mitaro. Mhandisi Oswald Dennis na msanifu majengo Spencer Hodgson, wote wana ANC, walikuwa miongoni mwa waliosimamia ujenzi. Fedha na vifaa vilitoka Sweden, Norway, Uholanzi na kwingineko, mafundi na vibarua wengi wakatoka vijiji vya jirani na Morogoro mjini. Aprili 6, 1979 Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi na mpiganaji wa ANC, alinyongwa Pretoria, naye hata miaka 23 alikuwa hajatimiza. Shule ikapewa jina lake, Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, wenyewe wakikiita SOMAFCO. Tambo alikifungua rasmi Agosti 1985, na kufikia hapo kilikuwa mji kamili. Kulikuwa na sekondari, shule ya msingi na ya watoto wadogo, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi, maktaba, mashamba, mabanda ya nguruwe na kuku, karakana, kiwanda cha kushona nguo, na kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo aliyenyongwa 1964.

Sasa jiulize mji kama huo unaishije katika Tanzania ya mwaka 1981 au 1983. Wazee wanaonisikiliza wanaikumbuka miaka ile. Tumetoka vita vya Kagera, hazina haina kitu, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, ugali wa unga wa njano tuliouita wa Yanga. Na kilomita chache kutoka sokoni kuna jamii ya wakimbizi inayopokea makontena ya nguo, vyakula vya makopo na madaftari kutoka Ulaya. Hapa ndipo mambo yalipokuwa ya kibinadamu kuliko hotuba. Nguo za msaada zilivuka uzio zikaingia mjini, pombe ya kienyeji na bangi vikavuka kuelekea ndani. Viongozi wa shule walikemea, walifanya vikao, waliadhibu. Wanahistoria Seán Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani, walioandika kitabu kizima kuhusu shule hii mwaka 2004, hawakuyaficha hayo, na mimi naona ni heri hawakuyaficha. Vijana wa miaka 17 waliotenganishwa na mama zao, katika nchi ambayo lugha yake hawaijui, wangekuwa malaika kwa muujiza gani?

Kulikuwa pia na jambo lisilo la kawaida. Mkimbizi alikuwa mwajiri na mwenyeji alikuwa kibarua. Mamia ya Watanzania walipata kazi Mazimbu, shambani, jikoni, kwenye ujenzi, kwenye ulinzi. Wote wanaitana ndugu na komredi, lakini mwisho wa mwezi mmoja anatia saini kulipa na mwingine anatia saini kulipwa. Manung'uniko yalikuwepo, kama yanavyokuwepo popote penye msimamizi na kibarua. Pamoja na hayo, kwa familia nyingi za Morogoro mshahara wa Mazimbu ndio uliowasomesha watoto, na hospitali ile haikuwageuzia mgongo wanavijiji wa jirani.

Na malaria. Watu waliozaliwa Johannesburg, juu kwenye baridi, damu yao haijawahi kuijua malaria, unawaleta bonde la Ngerengere wakati wa masika. Waliugua vibaya mno. Ukitembea katika makaburi ya Mazimbu usidhani kila aliyelala pale aliuawa na adui. Wapo waliochukuliwa na homa na wapo waliochukuliwa na ajali. Wapo pia watoto wachanga.

Kisomo chenyewe kilikuwa na sura yake. Mitihani ya kidato cha nne ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London, kwa sababu walitaka cheti kitakachokubalika popote mtoto atakapopelekwa. Lakini palikuwa na somo la maendeleo ya jamii lililokuwa na Marx ndani yake, na palikuwa na kazi za mikono kwa kila mwanafunzi, jambo ambalo kwa Mtanzania wa siku za Elimu ya Kujitegemea halikuwa geni hata kidogo. Walimu walitoka kila kona, Waafrika Kusini wenyewe, Watanzania, watu wa Skandinavia, Wajerumani Mashariki. Majina ya wanafunzi hayakuwa majina yao. Aliyeitwa Themba kwao, hapa aliitwa jina jingine kabisa, na rafiki yake wa bweni hakutakiwa kuuliza. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Makaburu walivamia Matola, Msumbiji, Januari 1981, wakavamia Maseru Desemba 1982 na Gaborone Juni 1985. Mwanaharakati Ruth First aliuawa Maputo Agosti 17, 1982 kwa bomu lililotumwa ndani ya bahasha. Naomba ulishike hili la majina, msikilizaji, tutalirudia.

Mwaka 1982 serikali iliwaongezea eneo la pili, Dakawa, kilomita 50 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Dodoma. Dakawa ni mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi unapasuka, masika gari linazama hadi vizingiti. Wageni wapya walifikia huko, katika mahema mwanzoni, kupokelewa na kuandaliwa kabla ya kupelekwa shule au kazi. Kituo cha kuwaandaa kimasomo kikaitwa kwa jina la Ruth First. Baadaye wakaanzisha na karakana ya sanaa na ufumaji, ambayo ilihamishiwa Grahamstown walipoondoka, na hadi leo kule Eastern Cape kuna kituo kinachoitwa Dakawa. Wanaopita mbele yake sidhani kama wanajua kwamba hilo ni jina la kijiji cha mpunga huku kwetu.

Dakawa ina kumbukumbu nyingine, nzito. Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma. Katika eneo hilo la Dakawa gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, na Sokoine akafariki. Nchi ililia. Wenye umri wangu mnajua maneno yaliyosemwa na yanayosemwa mpaka leo vijiweni. Sitayaongeza. Ninachotaka kukitazama ni siku na wiki zilizofuata. Mtu aliyependwa kuliko viongozi wengi, aliyekuwa ametoka kuongoza msako wa wahujumu uchumi mwaka mmoja tu uliotangulia, amekufa kwa gari la mgeni. Katika nchi nyingi jambo kama hilo lingetosha kuchoma kambi. Mazimbu haikuchomwa. Mwaka uliofuata Tambo alikuja kuifungua shule rasmi, na maisha yakaendelea. Chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro Julai 1984 kilipewa jina la Sokoine, na chuo hichohicho ndicho baadaye kilichorithi majengo ya Mazimbu. Leo chuo hicho, SUA, kina Kampasi ya Edward Moringe chini ya Uluguru na Kampasi ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu, na wanafunzi wanapanda daladala kutoka jina moja kwenda jingine, mawazo yao yako kwenye boom tu, yaani fedha zao za mkopo.

Haya, tuje nyumbani, maana nyumba ndiyo niliyoijia.

Vijana na mabinti wa Mazimbu walipendana wao kwa wao, na walipendana na wenyeji. Msichana wa shule aliyepata mimba aliondolewa darasani akapelekwa kituo cha kina mama na watoto, kilichobeba jina la Charlotte Maxeke, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoipata Marekani mwaka 1901. Jina kubwa kwa mahali ambapo wengi walikuwa wakiuguza masomo yaliyokatika. Mvulana aliyehusika kwa kawaida aliendelea na shule. Wala tusiwanyooshee kidole peke yao, sisi wenyewe tulikuwa tukiwafukuza mabinti wetu moja kwa moja bila hata kituo.

Kwa Mtanzania aliyependana na mwana ANC, ndoa ilikuwa suala la chama. Iliombewa kibali, na kibali chaweza kuchelewa au kunyimwa, kwa sababu za kiusalama na kwa sababu chama hakikutaka watu wake wafunge mizizi ugenini. Wanahistoria Arianna Lissoni na Maria Suriano waliwafuatilia wanawake hawa wakachapisha utafiti wao mwaka 2014. Wanachoonyesha ni kwamba mwanamke aliyeolewa Mazimbu aliolewa na mume pamoja na chama chake, akaingia katika mapambano bila kuulizwa.

Februari 2, 1990 Rais de Klerk wa Afrika Kusini aliifungulia ANC. Ndani ya miaka miwili Mazimbu na Dakawa zikaanza kumwaga watu. Julai 1992 majengo yote yalikabidhiwa rasmi kwa serikali ya Tanzania. Kwa upande wa mali, kazi ilifanyika kwa heshima. Madarasa, nyumba, hospitali, mabomba, vyote vilihesabiwa vikaachwa vizima. Ni wachache sana duniani waliopewa pori wakarudisha mji.

Watu hawakuhesabiwa namna hiyo. Wapo wanawake wa Morogoro waliopanda ndege na waume zao, wakafika vitongoji vya Johannesburg na Durban wakakuta lugha ngeni, wakwe wageni, pengine na mke mwingine aliyekuwa akisubiri tangu 1976. Baadhi wametulia huko hadi leo. Baadhi walirudi. Na wapo waliobaki na watoto wakiambiwa nitakuita nikishapata pa kukaa.

Kwa Mluguru, mtoto kuondokewa na baba si kukosa kwao. Ukoo ni wa mama. Shamba la mlimani linapitia kwa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, na mtoto wa binti ni mtoto wa ukoo hata baba awe mtu wa sayari nyingine. Baba awe Mpogolo au Mzulu, huko juu Mgeta au Matombo swali la kwanza litabaki kuwa mama yake ni nani. Naamini utaratibu huo wa Uluguru umewaokoa watoto wengi wa Mazimbu kuliko ofisi yoyote ya serikali zote mbili, ingawa hakuna aliyeutaja kwenye hotuba. Si wanawake wote walikuwa Waluguru, bila shaka, na walioolewa wakitoka makabila yanayofuata baba walibeba mzigo mzito zaidi.

Ukoo unakupa shamba lakini haukupi pasipoti. Mtoto wa aina hiyo akifika utu uzima akataka kumtafuta baba, au kudai uraia wa upande ule, anatakiwa kuthibitisha. Hapa ndipo yanaporudi yale majina. Mama anamjua mume wake kwa jina la mapambano. Picha anayo, barua labda anayo, na zimesainiwa kwa jina ambalo halimo katika daftari lolote la vizazi la Afrika Kusini. Jina lile lilimlinda baba dhidi ya majasusi wa Pretoria, na sasa linamlinda dhidi ya mwanawe.

Kila ghasia dhidi ya wageni zinapolipuka Afrika Kusini, kama zile za Mei 2008 zilizoua watu zaidi ya 60, vipindi vya redio hapa nchini hufurika simu. Hao ndio tuliowafadhili, hao ndio tuliowapa ardhi. Uchungu huo nauelewa. Lakini ufadhili ni hesabu ya mwenye duka, na mambo ya Morogoro hayakuwa ya duka. Aliyefanya kazi Mazimbu alilipwa, aliyetibiwa alipona, aliyeolewa alipenda. Afrika Kusini nayo ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitafundishwa huko kama somo la hiari, na hilo ni jema. Hata hivyo, mtoto wa Kihonda anayemtafuta baba yake hahitaji somo la hiari.

Nyaraka za SOMAFCO, mafaili, picha, kumbukumbu za vikao, zilisafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Fort Hare, ambako watafiti wa dunia nzima huenda kuzisoma. Ndani yake utapata kilo ngapi za maharage zilinunuliwa na nani alichelewa kurudi bwenini. Usichokipata kwa wingi ni maneno ya Mtanzania. Mpishi wa mwaka 1980 aliyekuwa na miaka 30 sasa amevuka 70. Chuo kikuu kipo palepale Mazimbu, kina walimu wa sayansi za jamii na kina wanafunzi wenye simu za kurekodia mifukoni. Wangeanza mtaa kwa mtaa, Kihonda, Mazimbu, Dakawa, wakiwauliza akina mama kwanza, jina gani la baba, lipi alilotumia hapa, lipi alilolitaja siku moja usiku kwa bahati mbaya, na kijiji gani alisema ametoka. Orodha hiyo ikishapatikana, ubalozi wa Afrika Kusini uko Dar es Salaam, na wale wenye mashada wanajua njia ya Morogoro.